Bili ya Upasuaji wa Dharura: Anza na Daftari

Usiku ule kidole tumbo cha mdogo wangu kilipopasuka, nilitia sahihi karatasi tatu bila kusoma hata moja. Nani angesoma? Kijana amejikunja, daktari ana haraka. Basi soma haya sasa, ungali umetulia.

Teueni mtu mmoja wa kushika hesabu, asiwe yule anayelia. Mimi nilitumia daftari langu la vipimo vya wateja, maana ni fundi cherehani. Kila kilichotumika nilikiandika na saa yake: dripu, glavu, nyuzi za kushonea, kipimo cha damu. Risiti nilizibana humo humo kwa pini.

Siku ya kutoka usikubali kuonyeshwa jumla peke yake. Omba mchanganuo, usome mstari kwa mstari: chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, siku za kitanda. Bili yetu ilisema chupa 11 za dripu. Daftari lilisema 8. Karani alivuta faili la wodini, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akakata tatu bila ubishi.

Kama mgonjwa ana bima, wapigie simu watu wa bima siku hiyo hiyo anapolazwa. Kama hana, ulizia ofisa wa ustawi wa jamii mapema, habari ya msamaha au kulipa kwa awamu. Mimi nilimfuata siku ya mwisho, akanitazama: "Ungekuja juzi."

Na juzi yenyewe nilikuwa nimekwisha kuuza cherehani. Bili ililipika, kazi ikalala miezi mitano. Usiuze kinachokulisha kabla hujaomba awamu, na awamu hizo ziandikwe.

Kisha kuna gharama zisizo kwenye bili. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 33 huelemewa vibaya kwa kulipia upasuaji wenyewe, na wengine milioni 48 kwa mambo ya pembeni kama nauli na chakula. Sikushangaa. Sisi tulikuwa tukienda wanne kila siku kumtazama mtu aliyelala usingizi! Tukabaki wawili, kwa zamu.

Tenga pia fungu la kusafisha kidonda na kutoa nyuzi. Sisi tulisahau, tukakopa tena kwa jirani yule yule.