Picha za mashamba kutoka juu: jua liwe ubavuni

Ukienda Shimo la Mungu, genge la juu ya bonde kule Newala, Mtwara, kupiga picha za mashamba ya bondeni, achana na saa sita mchana. Piga jua likiwa chini, asubuhi au jioni, na usimame likiwa ubavuni mwako, si usoni wala mgongoni. Jua la chini hurefusha vivuli, hivyo matuta, mistari ya mikorosho na vijia vya miguu vinajichora vyenyewe. La utosini hufuta vyote. Shamba linabaki kama mkeka uliopauka. Mbinu hiyo hiyo inafaa hata kwa yale maduara makubwa yanayochorwa mashambani kwa kulaza ngano kule Wiltshire, Uingereza, maana ngano iliyolazwa huonekana kwa kivuli cha iliyosimama. (Wapo wanaosema huchorwa na wageni wa angani, lakini hawamo: Waingereza wawili, Doug Bower na Dave Chorley, walikiri mwaka 1991 kwamba walikuwa wakiyachora kwa ubao na kamba.)

Mbinu ya jua la ubavuni haifui dafu kukiwa na wingu zito au ukungu, wala pale kilima kinapolifunika bonde lote kivuli. Na usivute picha kwa vidole kwenye simu, inachakaa. Piga pana, ukate baadaye. Ukitaka kushuka shambani kwa mtu, piga hodi kwanza.