Kuiandaa ofisi ya kuchangia kabla uchumi haujayumba

Mwenye ofisi ya kuchangia, yaani ile ambayo watu na kampuni ndogo hulipia meza au chumba kwa siku au kwa mwezi, ni mfanyabiashara anayenunua kwa jumla na kuuza kwa rejareja. Huchukua ghorofa nzima kwa mkataba wa miaka mitatu au mitano, kisha huikatakata na kuiuza kwa wateja ambao wengi wao wanaweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Uchumi ukiwa mzuri, hapo ndipo faida yake ilipo. Ukiyumba, wateja hupungua ndani ya wiki chache ilhali pango halipungui hata shilingi. Regus, kampuni kubwa ya ofisi za aina hii iliyoanzishwa Brussels mwaka 1989, ililazimika Januari 2003 kuipeleka biashara yake ya Marekani mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, baada ya kampuni nyingi za intaneti zilizokuwa wateja wake kuanguka. WeWork, kampuni ya Marekani ya biashara hiyo hiyo, ilipita njia hiyo Novemba 2023, ikiwa imebanwa na mikataba ya pango ya miaka mingi. Zote mbili ziliitumia kinga hiyo kujadiliana upya na wenye majengo. Mwenye ofisi ya meza 40 pale Mikocheni au Mwenge, Dar es Salaam, hana mawakili wa kiwango hicho, kwa hiyo inampasa azungumze na mwenye jengo lake mapema, wakati meza bado zimejaa.

Kabla ya mazungumzo hayo, jua ni meza ngapi zinalipa gharama zako zote. Tuchukue mfano wa ofisi ya meza 40 inayotoza shilingi 220,000 kwa meza kwa mwezi, huku pango likiwa shilingi 4,000,000 na mishahara, umeme, intaneti, usafi na ulinzi vikigharimu jumla ya shilingi 2,600,000. Ofisi hiyo inahitaji meza 30 zilizolipiwa ili isile hasara, na zikibaki 20 itapoteza shilingi 2,200,000 kila mwezi. Sasa tuseme mwenye jengo amekubali kupokea pango la kudumu la shilingi 2,000,000 pamoja na robo ya mapato ya meza. Zikibaki meza 20, hasara inashuka hadi shilingi 1,300,000, na zikijaa zote 40 yeye anapata shilingi 4,200,000, ambazo ni nyingi kuliko pango la zamani. Ukimwendea na karatasi yenye hesabu hizo mbili atakusikiliza. Ukimwendea ukiwa tayari unadaiwa miezi miwili, atafikiria tu namna ya kukutoa.

Wenye majengo wengi wa Dar es Salaam hawajazoea mpango wa kugawana mapato, na wengine wataukataa kwa hofu ya kufichwa hesabu. Hapo omba mambo madogo ambayo kwa pamoja yana uzito: kulipa kwa miezi mitatu badala ya sita au mwaka mzima, haki ya kurudisha nusu ya ghorofa kwa notisi ya miezi mitatu, na ruhusa ya maandishi ya kuwapangisha wengine vyumba vizima. Soma pia kipengele cha sarafu. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, lakini hakikisha mkataba mpya wa shilingi haukubebeshi sharti la pango kupanda kila dola inapopanda. Na ile asilimia 10 ya kodi ya zuio, unayokata kwenye pango na kuipeleka serikalini kwa niaba ya mwenye jengo, usiihesabu kuwa fedha ya mzunguko hata kwa wiki moja, kwa kuwa si yako.

Baada ya pango, chunguza wateja wako wanapata wapi fedha. Orodha ya majina 25 inaweza kuonekana salama, kumbe 15 kati yao wanategemea mfuko mmoja. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika, washauri wa miradi na kampuni ndogo zilizokuwa zikiyahudumia mashirika hayo walitikisika kwa wakati mmoja, ingawa kwenye daftari la mapokezi kila mmoja alionekana kuwa mteja anayejitegemea. Panga orodha yako kwa chanzo cha fedha, na pale chanzo kimoja kinapopita theluthi ya mapato, tafuta wateja wa aina nyingine: wahasibu, mawakala wa forodha, walimu wa mafunzo ya jioni, au watu wa kampuni ya Arusha wanaohitaji chumba siku nne kwa mwezi.

Dalili huonekana kwenye daftari kabla hazijaonekana kwenye benki. Kwa kawaida ukumbi wa mikutano ndio hupungua kwanza, kwa sababu ni rahisi kuufuta. Kisha mteja wa mwezi anaomba kulipia siku kwa siku, na yule aliyekuwa akilipa tarehe moja anaanza kulipa tarehe 12. Zihesabu dalili hizo kila Ijumaa. Zikijitokeza, usikimbilie kushusha bei ya meza, maana ukishaishusha kuipandisha tena ni vita. Ni afadhali uuze kitu kidogo zaidi: siku tatu kwa wiki, nusu siku, au anwani ya biashara pamoja na saa chache za ukumbi. Tenga pia vyumba vya watu wawili hadi wanne, kwa sababu hali ikiwa ngumu zipo kampuni zinazoacha ofisi zao wenyewe na kutafuta mahali padogo penye mlango unaofungwa.

Kwenye matumizi sina mengi ya kusema. Sofa mpya zisubiri, na sidhani kama kuna mteja aliyewahi kubaki kwa sababu ya taa za rangi ukutani. Intaneti, usafi wa vyoo na jenereta usiviguse kabisa. Aliyepitia mgao wa umeme wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 anajua kwamba mteja husamehe kahawa mbaya, lakini hasamehi kompyuta kuzimika katikati ya kikao.

Amana za wateja ziwekwe kwenye akaunti ya pembeni, mbali na fedha za biashara, na malipo ya mwaka mzima yaingizwe kwenye mapato mwezi baada ya mwezi, kwa kuwa mteja akiondoka mapema anaweza kudai kilichobaki. Pembeni weka akiba ya miezi mitatu ya pango na mishahara. Mwisho, andika leo, ukiwa na utulivu, idadi ya meza ambayo ikishuka na kudumu miezi miwili utarudisha nusu ya ghorofa. Kwa ofisi ya mfano wetu ningeandika 22. Karatasi hiyo mpe mhasibu wako aitunze, na umwombe akuoneshe siku idadi hiyo itakapofikiwa, hata kama utamwambia asubiri mwezi mmoja zaidi.