SOMO: Kusaka chanzo cha uchafu ghuba ya Tanga kwa boti ya roboti

Wakuu, boti yenyewe ni ndogo, mtu mmoja anaibeba. Inafuata kwa GPS njia uliyoichora kwenye ramani, na chini yake unafunga vipimo. Programu ya ArduPilot inatosha kuiendesha, tena ni ya bure.

1. Tazama mwezi kabla ya betri. Siku za bamvua (mwezi mpya na mwezi mpevu) maji yanapwa mno, boti itakwama kwenye matope. Pima maji yakipwa, ndipo uchafu wa mtaro unatoka nje. Yakijaa unarudishwa nyuma, utamlaumu asiyehusika.

2. Hela ikiwa ndogo, nunua kipimo cha chumvi na cha oksijeni. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ikishuka ghafla wakati wa kiangazi, kuna maji baridi (yasiyo na chumvi) yanaingia mahali. (Mdomoni mwa Mto Sigi hilo ni kawaida, usipige kelele.)

3. Hapa ndipo penye kazi. Ipitishe kwanza mistari sambamba, kama trekta shambani. Kipimo kikiruka, achana na mistari: panda dhidi ya mkondo ukiukata upande hadi upande. Ukitoka nje ya uchafu, geuza, sogea juu kidogo, kata tena. Utafika mahali unakata na hupati kitu. Chanzo kiko kati ya hapo na mkato uliotangulia. Rudia siku nyingine kabla hujamtaja mtu.

4. Chota maji kwenye chupa safi, andika saa na mahali, weka kwenye barafu, peleka maabara. Roboti inakuonyesha wapi. Sumu gani, haijui.

MASWALI

— Mkuu, droni si rahisi zaidi?
Droni inaona rangi. Oksijeni haina rangi.

— Shikamoo mwalimu. Haiwezi kupiga mbizi?
Marahaba. Zipo. Bandari ya Gijón, Hispania, mwaka 2012 walijaribu roboti za umbo la samaki. Shida ni kwamba mawimbi ya redio hayafiki mbali ndani ya maji ya chumvi, ikabidi ziwasiliane kwa sauti. Gharama yake siyo ya kwetu, anza na hii ya juu ya maji.

— Na majarife ya watu?
Ongea na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) wa hapo jioni ya kuamkia siku ya kupima. Panga inayosukuma boti ikinasa, utalipa wavu.