Somo: Kuhamisha Doom kutoka Linux kwenda Windows ya biti 64

Wakuu, kwema? Leo tunaichukua Doom, gemu ya mwaka 1993, tuiwashe kwenye laptop ya Windows, hata ile ya mtumba ya Kariakoo. Gemu ilizaliwa DOS (mfumo wa kompyuta wa zamani), lakini msimbo walioutoa watengenezaji wake, id Software, Desemba 1997 ni wa Linux, kwa kuwa maktaba ya sauti ya upande wa DOS ilikuwa mali ya watu wengine. Mwaka 1999 ukawekwa kwenye leseni ya GPL, inayoruhusu kuubadili na kuusambaza, kwa hiyo chokonoa utakavyo.

Hatua ya 1: vifaa. Weka MSYS2 (mazingira ya kukompaili ndani ya Windows), kisha GCC (kompaila ya lugha ya C) na SDL2 (maktaba ya picha, sauti na vitufe) ndani yake. Hapo ndipo bando litakapoishia. Msimbo wenyewe ni mwepesi. Tafuta pia DOOM1.WAD (WAD ni faili la data la gemu: ramani, picha, sauti), data ya toleo la kuonja, kama megabaiti 4. DOOM.WAD kamili bado inauzwa, tusirushiane humu.

Hatua ya 2: jua pa kugusa. Mafaili yanayoanza na i_ ndiyo yanayoongea na mashine: i_video.c, i_sound.c, i_system.c, i_net.c. Yaliyobaki karibu yote ni gemu yenyewe. Ukijikuta unahariri p_enemy.c (tabia za maadui), funga ukanywe chai, umeshapotea njia.

Hatua ya 3: kioo. i_video.c ya asili inategemea X11 (mfumo wa madirisha wa Linux) na inadai kioo cha rangi 256. Futa yote, andika upya kwa SDL2. Gemu inachora kwenye screens[0], baiti 64,000 (320 kwa 200), kila baiti ikiwa namba ya rangi. Kazi ya I_FinishUpdate ni kugeuza namba hizo ziwe rangi kamili kwa jedwali ulilopewa na I_SetPalette, basi.

Hatua ya 4: saa. I_GetTime irudishe tiki (mapigo ya saa ya gemu) 35 kwa sekunde. Ukirudisha milisekunde, utakufa kabla hujashika bunduki. Sauti iache tupu kwanza, na i_net.c bakiza mchezaji mmoja.

Hatua ya 5: biti 64. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, maana kompaila inaweza kunyamaza kabisa. Fungua r_data.c. Ndani ya maptexture_t kuna columndirectory, pointa (anwani ya kumbukumbu) ambayo haitumiki, lakini kwenye WAD imetengewa baiti 4. Mashine ya biti 64 inaipa 8, kila kinachofuata kinasogea, na gemu inalalamika kuhusu "texture" (picha za kuta) zilizo nzima. Igeuze iwe int (namba ya baiti 4). Shuka kidogo utakuta Z_Malloc (numtextures*4, ...): ile 4 ni ukubwa wa pointa za enzi hizo. Weka sizeof ya pointa, kompaila ipime yenyewe. Kisha m_misc.c, ambako anwani za maandishi zimebanwa ndani ya int, tumia intptr_t (namba inayotosha pointa). Usikimbilie long, kwenye Windows nayo ni baiti 4.

MASWALI

Swali: Mkuu, GCC inagomea doomtype.h, inasema false haifai pale.
Jibu: Una GCC 15. Yenyewe inaanzia C23, ambako false na true ni maneno ya lugha. Ongeza -std=gnu89 kwenye amri ya kukompaili, itumie C ya zamani.

Swali: Kaka, kwenye terminali ya MSYS2 inawaka vizuri, nikibofya faili mara mbili inasema "Please set $HOME". Kwa nini?
Jibu: MSYS2 inaiweka HOME (kigeu kinachotaja folda yako), Windows yenyewe haina. Nenda d_main.c, soma USERPROFILE badala yake.

Swali: Data haisomeki hadi mwisho, na WAD yangu ni nzima, nimeihakiki.
Jibu: Angalia juu ya w_wad.c, kuna #define O_BINARY 0. Linux haijali. Windows ikiona hivyo inasoma WAD kama maandishi na kuishia kwenye baiti ya kwanza yenye thamani 26 itakayokutana nayo. Futa mstari huo.

Swali: Si bora nikompaili biti 32 tu nipumzike?
Jibu: Inawezekana, na Hatua ya 5 karibu yote utairuka. Mimi siipendi, maana kesho ukitaka kuipeleka kwenye simu unaanza upya.

Swali: Shikamoo mwalimu. Yangu inacheza ila damu ni ya bluu.
Jibu: Marahaba dada. Jedwali linakuja kwa mpangilio nyekundu, kijani, bluu. Umezipanga kinyume na muundo wa tekscha yako ya SDL (picha unayoipeleka kwenye kioo). Badilishana nafasi ya nyekundu na bluu.