Kuku ya Kitaliano kwa presha kuka: usikimbilie kufunga kifuniko

Hii kuku nimeipika Jumapili tano mfululizo hapa kwangu Umoja na sasa naona naeza kuwaandikia venye inaenda, juu kila mtu akionja anauliza umeweka nini, na ukweli ni kwamba hakuna kitu ya ajabu nimeweka. Ni nyanya, kitunguu, hoho, rozimari na kuku ya bucha. Siri iko kwa kutumia presha kuka vizuri. Wengi wetu tumezoea kurusha kila kitu ndani, unafunga, inapiga filimbi, unafungua, unakula. Kwa maharagwe hio ni sawa kabisa. Kwa hii kuku ukifanya hivyo utapata supu nyekundu ya maji maji na nyama iliyochemka tu, na utasema chakula ya Wataliano haina ladha. Kuka inajua kulainisha, haijui kukaanga na haijui kukausha mchuzi. Hizo kazi mbili ni zako, moja kabla ya kufunga, ingine baada ya kufungua.

Wataliano wanaiita pollo alla cacciatora, yaani kuku kwa mtindo wa mwindaji, na kila mkoa huko kwao uko na yake, kuna wenye wanaweka nyanya na kuna wenye wanatumia divai, siki na rozimari bila nyanya ata moja. Mimi nafundisha ya nyanya.

Kabla ya kitu kingine nieleze kwa nini kuka inatusaidia sisi watu wa Nairobi kuliko mtu wa Mombasa. Huku tuko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji yetu yanachemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndo maana nyama na maharagwe huchukua muda hapa ata kama moto ni mkali, maji yakishafika 94 hayapandi tena, unachoma gesi ya bure. Ukifunga kuka mvuke unakosa pa kutokea, presha inapanda, na maji yanafika karibu nyuzi 118 kwa zile kuka za kuweka juu ya meko. Lakini pia kuka yenyewe inasikia huu mwinuko, kwa hivyo ukiona resipe ya mtu wa pwani ama wa Italia inasema dakika 8, wewe weka 10. Ni kama kuongeza sehemu moja kwa tano. Hii nimeijua baada ya kupika mapaja mara mbili na kukuta damu kwa mfupa, nikadhani kuka yangu ni mbovu.

Sasa twende sokoni. Kwa watu wanne ama watano chukua kuku moja ya kilo na robo hivi, mwambie wa bucha akukatie vipande nane ama kumi, na usitupe mgongo, mgongo na shingo ndo zinapatia mchuzi nguvu. Kama unanunua vipande, chukua mapaja, achana na kidari peke yake, kidari kwa presha kinakauka kama pamba. Vitunguu viwili vikubwa. Saumu punje tano. Karoti moja. Hoho mbili, moja ya kijani na moja nyekundu kama mfuko unaruhusu, ile nyekundu ni tamu zaidi. Nyanya sita, na hapa nakuomba uchague kwa makini, usichukue zile ngumu za rangi ya machungwa, mwambie mama mboga unataka zile zimeiva mpaka zinalegea, zile anauza bei ya chini jioni juu hazitafika kesho. Hizo ndo tamu. Nyanya ya kopo vijiko viwili vya mezani, siki kijiko kimoja, oregano kavu kijiko cha chai, chumvi, pilipili manga, mafuta ya kawaida. Zeituni za chupa kama umezipata, kumi tu zinatosha, na kama hujapata hakuna kitu kimeharibika.

Rozimari usinunue pakiti kavu kabla hujauliza majirani. Nairobi hii imepandwa kando ya mageti na kwa bustani za estate nyingi kama ua la urembo tu, na watu wanaipita kila siku hawajui ni ya kupika. Omba tawi moja la urefu wa kidole. Moja tu, juu ukizidisha kuku itanuka kama dawa ya kifua.

Ukifika nyumbani chukua vipande vya kuku uvipanguse vikauke kabisa, na tishu ama kitambaa safi. Hii hatua watu wanaruka na ndo inaharibu kila kitu. Kuku yenye maji haikaangiki, inajichemsha. Ikikauka ipake chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu na pilipili manga, uiache dakika kumi na tano ukikata vitunguu.

Weka kuka kwa meko bila kifuniko, mafuta vijiko vitatu, moto wa juu, ngoja mpaka ukirusha kipande cha kitunguu kinalia. Panga vipande vinne ama vitano, ngozi ikiangalia chini, alafu utoe mkono. Usiguse. Najua mkono unawasha, unataka kugeuza geuza na mwiko, lakini kuku ikiwa haijaiva upande huo itang'ang'ania sufuria, ukiivuta ngozi inabaki chini. Baada ya dakika nne ama tano itajiachilia yenyewe, utaiinua na utaona rangi ya kahawia kama mandazi. Geuza, dakika tatu ingine, toa weka kwa sahani, rudia na zile zimebaki. Ukijaza zote mara moja zinatoa maji na umerudi pale pale pa kuchemsha.

Sasa angalia chini ya kuka. Kuna ukoko wa kahawia umeshika, na mtu anaeza dhani ameunguza akimbie kuosha. Usioshe! Huo ndo mchuzi wako. Kama ni mweusi na unanuka moto, hapo sawa, osha uanze na mafuta mapya, lakini kama ni kahawia na unanukia kama nyama choma, punguza moto na umwage vitunguu vilivyokatwa vyembamba pamoja na karoti iliyokatwa vipande vidogo. Vitunguu vitatoa majimaji na hayo majimaji yataanza kulainisha ule ukoko, wewe sasa chukua mwiko wa mbao, ule wenye mdomo bapa, ukwangue polepole. Utaona vitunguu vinabadilika kutoka weupe vinakua rangi ya chai ya maziwa. Vipe dakika nane. Watu wengi wanaviacha vikiwa bado vinalia kwa jino, vipe muda.

Weka saumu iliyopondwa, ikinukia weka nyanya ya kopo uikaange dakika mbili mpaka rangi itoke nyekundu ya kung'aa iingie nyekundu ya matofali. Nyanya ya kopo mbichi ina uchachu wa chuma, ikikaangwa inakua tamu. Alafu siki, itapiga mvuke mkali usiinamie, kwangua tena chini mpaka sufuria iwe safi. Wataliano hapo huweka divai, mimi kwangu hatutumii, na siki na utamu wa karoti vinafanya hio kazi vizuri. Mwaga nyanya zilizokatwa, oregano, rozimari, pika dakika tano zivunjike.

Kuhusu maji niskizeni vizuri. Kuka ya kwa meko inataka karibu robo lita ya majimaji ndani ndo itengeneze mvuke bila kuungua, na nyanya sita zilizoiva zinatoa karibu hio yote, kwa hivyo ongeza nusu kikombe tu. Usiweke lita. Ndani ya kuka iliyofungwa maji karibu hayapungui, yale umeweka ndo yale utakuta, pamoja na yale kuku imetoa. Rudisha vipande vya kuku juu ya nyanya, na ile juisi iko kwa sahani yote, usikoroge tena. Nyanya nzito ikikaa chini na moto mkali inashika na kuungua, kwa hivyo ukwangue mara ya mwisho kabla ya kurudisha kuku. Hoho bado, ngoja.

Kabla ya kufunga angalia vitu viwili, raba ya kifuniko na kile kitundu cha mvuke. Raba ikiwa imekauka ama imepasuka mvuke unatoroka pembeni, presha haipandi na maji yanaisha chini bila wewe kujua. Kuka yangu ya kwanza nilinunua kwa mtu wa barabarani ikiwa na raba ambayo si saizi yake, na mchuzi uliungua nikiwa nimesimama hapo hapo nikingoja filimbi. Kitundu kiangalie kwenye mwangaza, ukiona upande wa pili kiko sawa. Na usijaze kuka zaidi ya thuluthi mbili.

Funga, moto wa juu mpaka presha ishike, filimbi ya kwanza ama ule uzito uanze kucheza, alafu shusha moto kabisa na uanze kuhesabu saa. Broila dakika 10. Kama ni kienyeji improved nenda 20. Kienyeji halisi ya ushago, jogoo ambaye amekimbia mwaka mzima, huyo dakika 30 mpaka 35 na uongeze kikombe kizima cha maji badala ya nusu, na usimharakishe, ladha yake ni kubwa kuliko ya broila mara tatu. Wenye mko na kuka ya stima, nyingi zina presha ya chini kidogo, ongezeni dakika tatu nne, na ile kukaanga yote mnaifanya humo humo kwa kitufe cha kukaanga.

Muda ukiisha zima moto na uiache peke yake dakika kumi. Usiinue uzito na uma, usiipeleke chini ya mfereji. Presha ikitoka kwa ghafla mchuzi unachemka kwa fujo huko ndani, nyama inakakamaa, na nyanya inaeza kuruka kwa kile kitundu ikuchome uso. Na kifuniko kikikataa kufunguka usikilazimishe hata siku moja, kinakataa juu bado kuna presha. Kama kuna watoto kwa nyumba waambie wakae sebuleni.

Ukifungua utaona mchuzi mwepesi na utasikitika kidogo. Bado hatujamaliza. Toa kuku polepole, itakua laini inataka kuachana na mfupa, weka hoho zilizokatwa vipande virefu na zeituni, washa moto wa juu bila kifuniko na uache ichemke dakika nane hadi kumi ukikoroga. Hapa ndo nyumba inaanza kunukia na jirani anauliza. Ukipitisha mwiko katikati na njia ikabaki wazi kwa sekunde moja kabla mchuzi kufunga, imetosha. Onja chumvi sasa, si mapema, juu mchuzi ukipungua chumvi inakolea. Toa tawi la rozimari, rudisha kuku, dakika mbili, zima. Kama uko na mafuta ya zeituni usiyachomee kwa kukaanga mwanzoni, mwaga kijiko kimoja juu sasa hivi, pamoja na dhania ama rihani.

Cha kula nayo? Spageti ni sawa, lakini kumbuka yale maji yetu ya nyuzi 94, pakiti ikisema dakika 9 onja kuanzia 11. Wali pia sawa. Lakini mimi nawaambia ipigeni na ugali, na sisemi hivyo juu mimi ni Mkenya. Mamangu alikuja kunitembelea mwezi uliopita, nikamwekea na spageti, akala kidogo kwa heshima, alafu akaniuliza, "Na hao Wataliano hawana kitu ya kushikia huu mchuzi?" Nikamwambia, "Wako nayo mama, kule kaskazini wanakoroga unga wa mahindi kwa maji ya moto, wanaita polenta, na hii kuku ni moja ya vitu wanakula nayo." Akaweka uma chini akaniangalia. "Kumbe na wao wanasonga!" Akaamka akaweka maji kwa sufuria mwenyewe. Polenta kwa kawaida ni ya mahindi ya njano na inaachwa laini kuliko yetu, kwa hivyo songa ugali mlaini kidogo, si ule wa kukata na kisu, utoboe shimo katikati na umwage mchuzi hapo.

Ikibaki weka kwa friji ikishapoa, kesho yake itakua tamu zaidi na unaeza kula na chapati asubuhi. Na kuka usiifungie kifuniko ukiiweka kabatini, toa raba, ioshe na sabuni, ianike ikauke, la sivyo chai ya watu itanuka saumu wiki nzima.