Maziwa kwa mizabibu michanga

Kabla hujakimbilia dawa ya kiwandani, tazama jani la mzabibu wako pande zote mbili, juu na chini. Ukiona ungaunga mweupe unaofutika kwa kidole, hasa upande wa juu, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, na hapo maziwa yanasaidia kweli. Changanya sehemu 1 ya maziwa na sehemu 9 za maji, pulizia pande zote za majani kila baada ya siku 7 hadi 10. Pulizia asubuhi siku ya jua, kwa sababu inadhaniwa jua huyapa maziwa nguvu ya kuua kuvu. Yasiyo na mafuta ni bora, hayazibi pua ya bomba wala kuacha harufu. Watafiti wa Brazili walionyesha jambo hili kwenye zukini (mboga ya jamii ya maboga) mwaka 1999, na baadaye likajaribiwa kwenye zabibu.

Lakini ukiona madoa ya njano kama ya mafuta juu ya jani, na chini yake manyoya meupe, huo ni ubwiri vinyoya, ugonjwa mwingine. Maziwa usiyategemee hapo. Huo unapenda jani lenye maji, kwa hiyo mwagilia shinani tu, asubuhi, na ufunge machipukizi kwenye nguzo yasilale chini.

Nasisitiza sana hewa: mche uliosongamana hakuna dawa itakayoufaa. Punguza majani ya chini, okota yaliyoanguka, yatoe shambani. Na anza kupulizia mapema, jani likiwa bado safi.