Mtoto akikuuliza "mama, kwani sisi maskini?" fanya hivi

Siku hiyo haipigi hodi. Wangu alikua darasa la tatu, tumetoka bethdei ya mtoto wa mjomba wake kule Mbezi Beach, tumeshuka Rangi Tatu tunatembea, ghafla ananiambia mama kumbe kuna watu wana choo chumbani, afu kimya mpaka nyumbani. Usiku ndo akauliza.

Kwanza usimkaripie. Ile "nani kakufundisha maneno hayo" itamfunga mdomo tu, kesho utasikia anawadanganya wenzake eti baba ana gari.

Muulize yeye kaona nini, maana mara nyingi sio unachodhani. Mi nilishajiandaa na habari za geti na mabasi ya njano ya ingilishi midiamu (wa kwangu yuko Kayumba, yaani shule ya serikali, na binamu yake kashamtania), kumbe kilichomuuma ni dada wa kazi. Alikula jikoni peke ake wakati watu wanakata keki, na anaongea kama bibi yake wa Singida. Sikua na jibu la haraka aisee. Ila toka siku hiyo tukienda, kabla hatujakaa tunapita jikoni kwanza, anampa shikamoo yake kama mkubwa mwingine yeyote.

Afu mjibu kweli. Usimpe "sisi matajiri wa moyo", mtoto anajua moyo haulipi luku. Nilichukua hela ya vitumbua nikaipanga kitandani mafungu mafungu, hii unga na mafuta, hii nauli, hii luku, hii hatuigusi maana mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Akahesabu mwenyewe, akaona kilichobaki.

Hapa ndo wengi tunateleza: usimwambie mjomba alijituma. Atakuuliza, kwani wewe unaeamka saa kumi usiku hujitumi? Mweleze ilivyokua. Mi nilimwambia hela ya ada ilitosha mmoja, akaenda kaka. Hakuelewa, ada gani tena, maana sekondari za serikali mpaka fom foo ada ilifutwa 2016 yeye hata hajaanza shule. Akikua kidogo muongezee na la mji wenyewe, kwamba mkoloni ndo alikata Dar vipande, Oysterbay ya wazungu, Uhindini, Kariakoo ya waafrika, na hili neno uswazi, yaani uswahilini, tunalotaniana nalo lina mizizi huko huko, sio kwamba watu wa huku walikua wamelala.

Mwisho, asiache kwenda, na wao waje. Binamu yake alikuja likizo, akaoga uani kwa kopo anacheka balaa, hataki kutoka. Wangu kasimama mlangoni na taulo, anamwambia fanya haraka wapangaji wengine wanasubiri, na hakukua na mtu anayesubiri. Nikajifanya sijasikia.